Kuchagua kitabu cha kwanza cha XRD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Arusha na Moshi

Kila mwaka wanafunzi wapya wa masta wakianza, pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, na hata wale wa Moshi wanaofundisha sayansi, maswali ni yaleyale: nisome kitabu gani cha difraksheni ya eksirei (ndiyo XRD), cha zamani kinafaa, hesabu zake nitaziweza. Nimeyakusanya hapa nikianza na ya msingi, yale ya pembeni yako mwisho. Pale jibu lilipokwisha kutolewa kwenye swali jingine nimekuelekeza huko, sijarudia.

Kipimo ninachotumia mimi ni kimoja. Patani ya XRD, yaani grafu inayotoka kwenye mashine, ina mambo matatu: piki (vilele vyake) zimekaa wapi, zina urefu gani, na zina upana gani. Vitabu vingi vinaeleza la kwanza vizuri sana halafu mengine mawili vinayapitia juujuu. Cha kwako kiwe kile kinachoeleza yote matatu hadi uweze kupiga hesabu mwenyewe kwa kalamu.

## Mwanzo kabisa

XRD ni nini hasa, na kwa nini iwe na kitabu kizima?

Unapiga eksirei kwenye unga wa sampuli yako halafu unapima zinatoka kwa pembe zipi na kwa nguvu kiasi gani. Atomu kwenye fuwele zimejipanga kwa safu, na umbali kati ya safu unakaribiana na urefu wa wimbi la eksirei, kwa hiyo mawimbi yanajumlishana kwenye pembe chache tu na kwingine kote yanafutana. Max von Laue na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1912, na muda mfupi baadaye akina Bragg, baba na mwana, wakaliweka kwenye fomula fupi nλ = 2d sinθ (λ ni urefu wa wimbi, d ni umbali kati ya safu, θ ni pembe, n ni namba nzima), wakapata Nobel ya 1915 pamoja, mtoto akiwa na miaka 25.

Fomula yenyewe unaielewa kwa dakika tano. Kitabu kizima kinahitajika manake fomula hiyo inakwambia piki itakaa wapi tu, haikwambii kwa nini piki moja ni ndefu kama mnara na jirani yake haionekani kabisa, wala kwa nini piki za sampuli yako zimevimba kuliko za mwenzako wakati mmetumia mashine moja. Na maswali ya supavaiza karibu yote yako huko.

Video za YouTube na mwongozo wa mashine havitoshi?

Kwa kuendesha mashine vinatosha, na video nzuri zipo, sizikatai. Kwa kutetea matokeo mbele ya watahini havitoshi. Mwongozo unakuonyesha ubonyeze wapi, haukuonyeshi namba iliyotoka inaaminika kiasi gani.

Nilisoma PCB, hesabu zangu ni za BAM. Nitaweza?

Utaweza, ila uchague kitabu chenye subira. Unahitaji trigonometria ambayo unayo, vekta kidogo, na namba changamano ambazo watu wa PCM walikutana nazo na wewe pengine hukukutana nazo. Hizo namba changamano zinaingia kwenye strakcha fakta, yaani ile hesabu ya kujumlisha mchango wa kila atomu kwenye yuniti seli, kile kisanduku kidogo kinachojirudia kujenga fuwele. Usiogope, manake kwa miundo yenye senta ya ulinganifu, kama ya chumvi ya mezani, ukiweka chimbuko kwenye senta sehemu ya kufikirika inajifuta na unabaki na kosaini tupu. Kitabu kizuri kitakuonyesha hilo waziwazi. Kibaya kitaandika eksponenti ya i halafu kinasonga mbele kama vile umezaliwa unaijua.

Kalkulasi ngumu, integrali za Fourier na hayo mengine, kwenye kitabu cha kwanza huzihitaji. Ukifungua kitabu ukaona integrali kwenye sura ya pili, kirudishe kwanza, utakifuata baadaye (soma swali la kitabu cha Warren hapo chini).

Kitabu changu cha fizikia cha mwaka wa kwanza kina Bragg tayari. Kwa nini ninunue kingine?

Kwa sababu kina kurasa mbili tatu, na mchoro wa mistari miwili inayodunda kwenye tabaka za atomu. Mchoro huo unafanya watu wafikiri eksirei inadunda kama mwanga kwenye kioo, wakati kinachotokea ni kila atomu kutawanya wimbi pande zote na mawimbi hayo kujumlishana. Kwa mtihani wa fizikia inatosha, kwa sampuli ya udongo au ya mkaa haitoshi.

## Jinsi ya kukipima kitabu

Nimekishika mkononi maktaba, nina nusu saa tu. Niangalie nini?

Usianze na dibaji, waandishi wote wanasema kitabu chao ni rahisi. Nenda mwisho kwenye faharasa, tafuta mambo manne: strakcha fakta, kosa la sampuli kukaa juu au chini ya mahali pake, upanuzi wa piki unaoletwa na mashine yenyewe, na mwelekeo wa chembe kwenye unga. Kama moja halipo, au lipo kwa ukurasa mmoja tu, ujue kitabu hicho kitakuacha njiani siku unaandika sura ya matokeo.

Halafu pekua ukitafuta patani halisi zilizopimwa, zenye pembe kwenye mhimili mmoja na hesabu za eksirei zilizopokelewa kwenye mwingine. Kuna vitabu vina michoro mizuri ya kompyuta ya fuwele zinazong'aa, ukitafuta patani moja ya kweli yenye kelele na bakigraundi huioni. Mimi hivyo siviamini, manake mwanafunzi akitoka hapo akakutana na patani yake yenye mlima mpana katikati anadhani mashine imeharibika.

Kisha chukua mfano mmoja uliokokotolewa, wowote, ufanye kwa kikokotoo ukiwa umesimama palepale. Ukipata jibu lao, na hatua zote zipo, hicho kitabu kinafundisha. Ukikwama kati ya mstari wa pili na wa tatu ujue kuna hatua zimerukwa, na kama ni hivyo kwenye mfano rahisi, mbele itakuwa mbaya zaidi.

Jaribio la chumvi ni lipi, nimesikia linatajwa?

Hili ndo jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chumvi ya mezani, NaCl, ina yuniti seli ya mchemraba yenye upande wa Å 5.640 (Å ni angstromu, sehemu ya kumi ya nanomita). Piki yake kubwa ni ya (200), namba tatu hizo zikiwa alama za Miller zinazotaja ni safu zipi za atomu, kwa hiyo d ni 2.820, na ukitumia tyubu ya shaba yenye λ ya Å 1.5406 unapata 2θ, ile pembe inayosomwa kwenye mhimili wa patani, ya digrii 31.7. Kitabu chochote kitakufikisha hapo. Swali la pili ndo linachuja: kwa nini piki ya (111), iliyo karibu na digrii 27.4, ni ndogo sana ukilinganisha na ya (200)?

Jibu ni kwamba kwenye (200) sodiamu na klorini zinatawanya kwa pamoja, nguvu zake zinajumlishwa, na kwenye (111) zinapingana, unabaki na tofauti tu. Sasa badilisha sodiamu uweke potasiamu, upate KCl. Ioni ya potasiamu na ya kloridi kila moja ina elektroni 18, kwa hiyo zinatawanya karibu sawa kabisa, tofauti inakuwa kama sifuri na piki ya (111) inapotea. Ukiangalia KCl kwa eksirei unaweza kudhani yuniti seli yake ni mchemraba mdogo wenye nusu ya upande. Muundo uleule wa atomu, patani mbili tofauti.

Kitabu kinachokupitisha kwenye mfano huu, au mwingine wa aina hiyo, hadi ukaona kwa namba kwamba urefu wa piki unategemea ni atomu gani na zimekaa wapi, kimefaulu nusu ya mtihani wangu. Na kikiongeza kwamba chumvi inapasuka kwa nyuso za mchemraba, kwa hiyo usipoisaga vizuri vipande vinalala bapa na piki ya (200) inakuwa kubwa kupita haki yake, basi mwandishi wake amewahi kushika sampuli.

Na upana wa piki, nitajuaje kimeelezwa vizuri?

Tafuta fomula ya Scherrer, ya mwaka 1918: D = Kλ / (β cosθ), ambapo D ni ukubwa wa fuwele, β ni upana wa piki na K ni namba isiyobadilika, kama 0.9. Kila kitabu kinayo. Angalia mambo matatu yaliyoandikwa kuizunguka. Kwanza, kimesema β iwe kwenye radiani? Chukua piki yenye upana wa digrii 0.3 karibu na 2θ ya 31.8. Ukiigeuza kuwa radiani unapata 0.00524, na D inatoka kama nanomita 27. Ukiisahau kwenye digrii unapata nusu nanomita. Kwa sampuli ya hidroksiapataiti, madini ya mifupa na meno, hiyo ni ndogo kuliko yuniti seli yenyewe, ambayo upande wake ni nanomita 0.94, kitu ambacho hakiwezekani. Kitabu kinachokufundisha kulishtukia jibu kama hilo ni rafiki.

Pili, kimesema utoe upana unaoletwa na mashine kabla ya kuingiza namba, kwa kupima kitu chenye fuwele nzuri kama silikoni au LaB6 (lanthanamu heksaboridi)? Tatu, kimesema kwamba D ni ukubwa wa kipande kimoja cha fuwele kisichokatika, wala sio ukubwa wa punje unayoiona kwenye maikroskopu, na kwamba mkazo ndani ya fuwele nao unapanua piki? Nimesoma tesisi nyingi ambazo Scherrer imewekwa mstari mmoja, jibu la desimali tatu, basi. Hilo limetokana na kusoma vitabu vinavyotoa fomula bila masharti yake.

Kwa nini unasisitiza sana kosa la sampuli kukaa vibaya?

Chukua kazi ya hapahapa kwetu. Maji ya maeneo mengi ya Meru yana floraidi nyingi, meno ya kahawia kila mtu ameyaona, na mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto kwa ajili ya kuchuja floraidi hiyo. Mkaa huo kimsingi ni hidroksiapataiti. Mwanafunzi anataka kuonyesha floraidi imeingia ndani ya fuwele: hidroksiapataiti ina upande a wa Å 9.42, floroapataiti ina 9.37, kwa hiyo piki ya (300) inatakiwa ihame kutoka digrii 32.9 kwenda 33.1. Ni tofauti ya digrii 0.18 hivi, na hapo nimechukulia imebadilika yote, kwenye mkaa uliotumika itakuwa ndogo kuliko hiyo.

Sasa kwenye difraktomita (mashine ya XRD) ndogo ya mezani yenye nusu kipenyo cha milimita 150, sampuli ikikaa robo milimita juu ya mahali pake, piki inahama kwa digrii hizohizo 0.18, na upande uleule. Robo milimita ni unga uliojazwa kwenye kishikio ukazidi kidogo usisawazishwe na kioo. Yaani unaweza kuandika umeona floraidi ikiingia kumbe umeona unga uliozidi.

Dawa ipo na ni rahisi, unachanganya silikoni kidogo kwenye unga wako na unaangalia piki yake ya digrii 28.44 imekaa wapi, ikiwa imehama na yenyewe unajua. Kitabu cha kwanza kinatakiwa kiwe na haya yote mawili, kosa na dawa yake. Huu ndo ukurasa ninaoutafuta kabla ya yote.

Mazoezi bila majibu yana maana?

Kama una mwalimu au kikundi, ndiyo. Kama unasoma peke yako jioni baada ya kazi, tafuta chenye majibu, hata ya nusu ya maswali.

Latisi ya risiproko ije mapema au baadaye?

Hiyo ni latisi ya kihesabu ambayo kila nukta yake inawakilisha seti moja ya safu za atomu, na watu wanabishana sana. Wanaotoka fizikia wanataka ije sura ya pili, wanaotoka uhandisi wanataka ije mwisho au isije. Mimi naona kwa mtu wa poda tu unaweza kuanza bila hiyo ukafika mbali, ila siku utakapogusa TEM (maikroskopu ya elektroni) au filamu nyembamba utaihitaji, kwa hiyo kitabu kiwe nayo mahali, hata kama ni nyuma. Matoleo ya zamani ya kitabu cha Cullity (swali lake liko chini) yameiweka kwenye viambatisho na bado yamefundisha vizazi.

## Vitabu vyenyewe

Cullity bado anafaa? Kila mtu ananiambia yeye.

Anafaa, na wanaokwambia hawajakosea. Toleo la kwanza ni la 1956, la pili 1978, na la tatu la 2001 ambalo Stock aliliandika upya kwa kuongeza mambo. Nguvu yake ni mpangilio: kila kitu kinajengwa juu ya kilichotangulia, strakcha fakta inaelezwa kwa mkono na kwa mifano, na mazoezi ni ya kweli. Kwa jaribio la chumvi na la upana anapita vizuri.

Udhaifu wake ni kwamba amejaa metali. Mkazo kwenye chuma, michoro ya awamu za aloi, hayo ni mengi, na kama sampuli yako ni udongo, simenti au mkaa utahisi hakuongelei wewe. Misingi ni ileile lakini, usikimbie.

Nimepata la 1956 au la 1978 tu, nisubiri la tatu?

Usisubiri. Sura za fuwele, za mwelekeo wa difraksheni na za intensiti hazijazeeka, manake sheria ya Bragg haijabadilika. Zilizozeeka ni sura za kamera za filamu, ambazo siku hizi ni historia, na za kutafuta awamu, yaani kutambua sampuli ina madini au kampaundi zipi, kwa kadi za karatasi zenye patani zinazojulikana, wakati sasa hivi kompyuta inatafuta yenyewe. La 1956 lina hata majedwali ya sin²θ kwa ajili ya watu wasio na kikokotoo. Hayo ruka.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye vitabu vya zamani kabisa ni kipimo cha urefu. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1940 namba nyingi zilizoitwa Å kiukweli zilikuwa kX, kipimo cha zamani cha eksirei, na kX moja ni kama Å 1.002. Tofauti ni ndogo, ila ukilinganisha latisi hadi desimali ya tatu inaonekana.

Hammond je?

Kama unachohitaji ni kuielewa fuwele yenyewe, ulinganifu, alama za Miller, space group (makundi ya ulinganifu wa fuwele) zinasomwaje, Hammond ni mpole kuliko wote. Anaanza na michoro bapa kama ya vigae au kitenge, ukishaelewa kurudiarudia kwa patani kwenye karatasi ndo anakupeleka kwenye vipimo vitatu. Latisi ya risiproko anaifafanua vizuri mno, na ana maelezo ya maisha ya watu waliojenga fani hii. Toleo la nne ni la 2015. Kwa upana wa piki na kazi za poda sio yeye wa kutegemea peke yake, msome pamoja na mwingine.

Kuna kitabu cha vitendo zaidi?

Suryanarayana na Norton, 1998. Nusu ya kwanza ni misingi kwa ufupi, nusu ya pili ni majaribio, kila moja ina data iliyopimwa na unajaza majedwali mwenyewe hatua kwa hatua: kutafuta muundo wa mchemraba, wa heksagoni, ukubwa wa kristalaiti (kile kipande cha fuwele cha Scherrer) na mkazo, kutambua awamu. Kwa mtu asiye na mashine karibu, na wengi wetu ndo tulivyo, hii ni kama kuwa maabara. Nadharia yake ni nyembamba, kwa hiyo ukitaka kujua fomula imetoka wapi unarudi kwa Cullity. Hao wawili pamoja ndo ningempa mtu anayeanza masta leo.

Supavaiza ameniambia Warren. Ni cha kuanzia?

Hapana, ni cha pili. Kilitoka 1969 na wachapishaji Dover wakakichapa tena 1990, kwa hiyo bei yake ni nafuu, na hiyo ndo inawavuta watu. Ni kitabu kizuri mno kwa upana wa piki na kwa vitu visivyo fuwele, lakini hesabu zake ni za mtu aliyeshiba kalkulasi. Mheshimu supavaiza, kinunue, kiweke, anza na kingine kwa semista moja.

Nataka kufanya Rietveld. Vitabu hivi vinatosha?

Havitoshi. Rietveld alichapisha njia yake, ya kulinganisha patani nzima na ile iliyokokotolewa kutoka muundo wa fuwele, 1969 akiifanyia kazi data ya nyutroni huko Uholanzi, na kuja kuwa kitu cha kila maabara ilisubiri kompyuta, kwa hiyo vitabu vya zamani haviwezi kukufundisha. Pecharsky na Zavalij, toleo la pili la 2009, wanakupeleka hadi huko na mifano iliyofanywa mwanzo mpaka mwisho. Ni kinene. Usikisome kama riwaya, soma sura unayoihitaji.

Ila tafadhali usianze Rietveld kabla hujafaulu jaribio la chumvi. Programu itakupa mstari unaopita juu ya data vizuri hata kama muundo ulioingiza ni wa uongo, na usipojua urefu wa piki unatoka wapi huna njia ya kulitambua hilo.

## Kukipata na kukitumia

Nitavipata wapi hapa Arusha au Moshi?

Madukani usitegemee, maduka yetu ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya shule. Anza na maktaba za vyuo, wa Arusha waulize Nelson Mandela pale Tengeru wanaofundisha sayansi ya matiriali, na kama sio mwanafunzi wao uliza utaratibu wa kusomea humohumo. Kuagiza nje kunawezekana, ila piga hesabu ya usafiri kabla, unaweza kuzidi bei ya kitabu. Njia ninayoiona ina akili ni watu watatu wanne kuchanga wakanunua nakala moja, wakapangiana zamu.

Kuna vya bure na halali?

Vipo. Umoja wa kimataifa wa kristalografia, IUCr, umeweka vijitabu vyake vya kufundishia mtandaoni bure, vifupi, vimeandikwa na wataalamu, bando dogo linatosha. Miundo ya fuwele unaipata bure kwenye COD, hifadhidata ya wazi ya mtandaoni. Programu za bure ni VESTA kwa kuchora muundo na kukokotoa patani yake, GSAS-II, FullProf na Profex kwa Rietveld. Kitabu kimoja cha karatasi pamoja na VESTA kwenye laptop, ukabadilisha Na kuwa K ukaangalia piki ya (111) inavyopotea, hapo unajifunza haraka ajabu.

## Mambo ya pembeni

Kitabu kimoja kinasema λ ya shaba ni 1.5406, kingine 1.5418. Kipi kimekosea?

Hakuna. Shaba inatoa mistari miwili iliyokaribiana, Kα1 ya Å 1.5406 na Kα2 ya Å 1.5444, na 1.5418 ni wastani wake uliopimwa kwa uzito, manake ya kwanza ina nguvu mara mbili ya ya pili. Piki zikiwa bado hazijatengana kwenye pembe ndogo unatumia wastani, zikitengana au ukiondoa Kα2 unatumia 1.5406. Kitabu kisichosema kinatumia ipi kwenye mifano yake ni cha kutiliwa shaka.

Sampuli yangu ni udongo mwekundu. Kitabu cha metali kitanifaa?

Misingi ndiyo, vitendo hapana. Kwanza udongo wetu wa miteremkoni una chuma kingi, na eksirei za tyubu ya shaba zinaifanya chuma itoe eksirei zake yenyewe, bakigraundi inapanda na piki ndogo zinazama. Maabara zenye tyubu ya kobalti, yenye λ ya Å 1.789, zinaepuka hilo, na zisizo nayo zinatumia kichujio cha nishati kwenye ditekta. Kumbuka tu pembe zote zitabadilika, kaolinaiti ambayo kwa shaba inaonekana karibu na digrii 12.4 kwa kobalti itaenda kama 14.4, kwa hiyo linganisha d, usilinganishe pembe.

Pili madini ya mfinyanzi yanahitaji sampuli ilazwe makusudi, ikaushwe hewani, ipewe glaikoli, ichomwe, na kila hatua ipimwe. Hilo kwenye Cullity hulipati. Moore na Reynolds, toleo la pili 1997, ndo watu wake.

Patani yangu ina mlima mpana na piki chache. Nitafute kitabu kingine?

Ni majivu ya volkano au ya pumba za mpunga? Basi una sehemu kubwa isiyo fuwele, hakuna kilichoharibika. Kitabu cha kuanzia kitakwambia mlima ni nini, kupima asilimia yake ni kazi ya kuongeza kitu cha kulinganishia kwa uzito unaojulikana, na hilo liko kwa Pecharsky.

Programu imenipa jina la awamu na alama ya juu. Si imetosha?

Alama hiyo inakwambia piki zimekaa karibu na za kadi. Rudi kwenye mambo matatu: piki zote kubwa za kadi zipo kwako? Urefu unafuatana, na kama haufuatani kuna sababu kama ile ya chumvi kulala bapa? Na elementi hizo zipo kweli kwenye sampuli yako? Nimeona programu ikipendekeza awamu ya elementi adimu kwenye chokaa ya kawaida kwa sababu tu mtu hakuiwekea mipaka ya elementi.

Vitabu vya zamani vinaongelea usalama wa mionzi?

Kidogo, na vinaongelea mashine zenye kamera wazi ambazo leo hazikubaliki. Kwa hili usitegemee kitabu kabisa. Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ipo Njiro, na maabara yenye mashine inatakiwa iwe na utaratibu wake, uombe uusome kabla ya kugusa kitu.

Sina mashine, natuma sampuli nje. Kitabu cha nini?

Ndo unakihitaji kuliko mwenye mashine, kwa sababu hutasimama pale kuona sampuli ilivyowekwa. Ukituma uliza tyubu ni ya nini, nusu kipenyo cha mashine, hatua ya pembe na muda wa kila hatua, uombe wapime na silikoni siku hiyohiyo. Na udai faili ghafi la namba, safu mbili za pembe na hesabu, sio picha ya patani iliyobandikwa kwenye Word, manake picha huwezi kuipima upana wala kuiingiza kwenye programu yoyote.